Meno Mawili ya Ufunguo wa Ghala

Fundi wangu,

Kiangazi kilichopita tulikupoteza wewe, na siku ya arobaini yako tukapoteza funguo zako zote, zile zilizokuwa zikining'inia ukutani mwa karakana. La kwanza ni kazi ya Mungu, nimelinyamazia. La pili ni kazi ya watu wa nyumba yako, na ndilo lililonishikisha kalamu, maana naogopa na sina mwingine wa kumwuliza.

Nikusimulie, kwa kuwa hukuwepo. Hitima ilipokwisha na watu wamekula, shemeji yako Mzee Hemedi aliingia karakana akatoka na funguo kwenye sinia. Akasema kila aliyekuja kukuombea achukue mmoja, uwe ukumbusho wa marehemu. Watu wakapokea kwa mikono miwili. Kuna mama alimvalisha mwanawe shingoni palepale, kama hirizi. Nilimwendea Mzee Hemedi nikamnong'oneza kwamba ile ni milango ya watu, si ukumbusho. Akawageukia wenzake. "Msikieni Mpagazi. Babu zake walibeba pembe mpaka pwani, leo yeye anataka kubeba na vyuma vyetu." Wakacheka. Nikacheka na mimi, utani ni utani. Lakini wewe ukiniita Mpagazi, nilijua baada yake kinafuata kikombe cha kahawa. Pale hapakufuata kitu. Nilirudi nikakaa kwenye viatu vya wageni, ndiko walikoniweka, mimi niliyekulisha uji kwa mkono wangu vidole vyako vilipokataa kukunjika.

Nilijipoza kwa jambo moja. Kila kufuli ulilotengeneza ulibaki na ufunguo wake wa akiba, ila hukuukata meno mawili ya mwisho. Mwenye mali akipoteza wake, unauteremsha huo wa ukutani, unamalizia meno mawili kwa vimo, urefu wa kila jino, vilivyo kichwani mwako, unampa, maisha yanaendelea. Mwizi angebeba ukuta mzima asingefungua hata sanduku la bibi harusi. Na kichwa cha pili ulichokiamini kilikuwa hiki changu. Ulikuwa unapaka ufunguo masizi ya koroboi, tuone kibamba, kile kipande cha ndani ya kufuli kinachoinuliwa na jino, kinagusa wapi, ukasema bila kuinua macho, "Hivi vimo nakuambia wewe tu." Nilikuwa nimetoka Puge na kaptula moja, sijui kitasa wala komeo. Siku ile sikula chakula cha jioni. Nilikuwa nimeshiba.

Sasa sikia. Unalikumbuka ghala la kijiji cha Ujamaa, lile ulilolitilia kufuli kubwa ulilokuwa umeutengenezea mlango wa nyumba ya tembe iliyobomoka. Juzi katibu wa kijiji alikwenda kutoa mbegu, akakuta magunia ya karanga yamebaki nusu. Kufuli limefungwa vizuri. Tumbuu inayoshika kufuli haijalegea, bawaba hazijaguswa, mlangoni hakuna hata mkwaruzo. Mtu kafungua kwa ufunguo, katoa, kafunga tena kama mwenye nyumba. Mawingu yameshaanza kukusanyika, na wale watu wamehamishiwa pale na vyungu vyao, hawana mbegu nyingine.

Waliniletea kufuli kibandani kwangu, mwenyekiti na mgambo wawili. Mwenyekiti akaliweka juu ya meza. "Fundi, hiki chuma kina akili?" Nikasema hakina. "Basi tutafutie mwenye akili."

Unanijua, nikiogopa nakimbilia hesabu. Nikalifungua mbele yao. Nikawaonyesha vibamba vitano, kila kimoja kimepewa kimo kimoja kati ya vinne, na ulimi wa kufuli haurudi mpaka meno matano ya ufunguo yainue vyote kwa kimo chake. Nne mara nne, mara nne, mara nne, mara nne. Elfu moja na ishirini na nne. Nikawaambia hata ukiwa na ufunguo wa ukutani, yale meno mawili yanakupa njia kumi na sita, na chuma ukishakikata kupita kiasi hakirudi. Nilikuwa najitetea, Fundi. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akauliza, "Kwa hiyo anayeweza ni mmoja au wawili tu?" Nilikuwa nimejijengea gereza kwa mikono yangu, na ukuta nimepiga lipu.

Walipokuwa wakizungumza niliona kitu ambacho sikukisema. Kwenye ncha za vibamba kulikuwa na unga mpya wa chuma, unaong'aa. Ufunguo uliofungua ghala umekatwa juzijuzi tu, na aliyeukata hakuusugua. Yaani ule wa ukutani umemaliziwa, na sijui nani aliuchukua kwenye sinia. Aliyeumaliza hakubahatisha.

Mwanao Saidi ndiye aliyechukua tupa zako na jiliwa la kubania chuma baada ya arobaini. Sikumnyima, ni urithi wake. Lakini tangu habari ya ghala itoke, hajaonekana. Mama yake anasema kaenda Nzega kwa wajomba. Huenda ni kweli. Vijana husafiri.

Kalunde, mke wangu, ananiambia, "Taja Saidi upone, una watoto." Namjibu kwamba ulisema mimi tu. Ananiangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Na kama alikuambia wewe tu, mume wangu, basi mwizi ni wewe." Hana ubaya. Amepiga hesabu yangu mwenyewe.

Mchana kweupe mtu akigusa bati la kibanda, tupa inaniponyoka. Wateja wanapita upande wa pili wa barabara na funguo zao mfukoni, salamu zao fupi. Nyumbani nimeegemeza gogo nyuma ya mlango, mimi ninayewauzia watu vitasa. Nimekukasirikia pia, usidhani sikukukasirikia. Ukaniachia siri, hukuniachia shahidi.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi asubuhi, na nimeambiwa nije na jina au nije na nguo za kubadilisha. Nikimtaja Saidi na kumbe hukumwambia kitu, nimemtia mwanao pingu kwa uongo, na mama yake ndiye aliyenipikia miaka yote ya uanagenzi wangu. Nikinyamaza na kumbe ulimwambia, wanangu wanalala njaa kwa ajili ya mtu aliyeko Nzega anakula wali.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Ukisema hukumwambia, jina lake halitatoka kinywani mwangu, wanifanye watakavyo. Ukisema ulimwambia, nitamtaja, na mama yake nitamtunza mpaka kufa kwake, hata akinitemea mate.

Lala salama, Fundi, mchanga ule usikulemee. Ila kabla hujalala, nijibu. Njoo ndotoni, njoo kwa mtu yeyote, lakini usije na mafumbo. Ulimwambia Saidi vimo vya meno mawili, au hukumwambia? Ndiyo au hapana, kabla ya adhana ya alasiri, Ijumaa hii.