Mama mkwe amekaa mu kiti ya bwana wa nyumba

Précieuse, uko kazini? Soma tu, usijibu. Bametufukuza mu musée, nyumba ya makumbusho, sababu ya mama mkwe.

Donc, shule ya mtoto wangu Alliance ilitupeleka, wazazi na batoto, kuona nyumba ya famille moja ya matajiri wa zamani hapa Louisville. Iko na miaka zaidi ya mia mbili. Guide anasifu vitanda, anasifu mapazia. Mama mkwe akaniambia nimuulize: “Nani alikuwa anachota maji ya nyumba yote hii?”

Guide akasema, “Watumishi.”

Alliance, kwa Kingereza, na sauti kubwa: “Watumwa. Mwalimu alitufundisha.”

Nikamutafsiria mama mkwe. Mama mkwe akapita kamba yenye inazuia wageni, akakaa mu kiti ya bwana wa nyumba. Kile chenye hakuna mtu anagusa. Guide akamuomba atoke. Na mimi namuomba, mama, tafadhali.

Akasema: “Mwenye kiti akuje yeye mwenyewe anitoe.”

Na nikatafsiri. Ma chère, nilitafsiri ile neno na kinywa yangu, mbele ya mwalimu.

Bon. Mama mzee moja, mweusi wa hapa, mwenye alileta mjukuu wake, akaanza kucheka. Na yeye akapita kamba, akakaa mu kiti ya madame wa nyumba, akamushika mama mkwe mkono. Hakuna anasikia luga ya mwenzake, hata neno moja.

Bakatufukuza wote.

Saa hii bale bamama wawili bako kwangu hapa Newburg, banakula sombe ya majani ya muhogo. Mama mkwe ananituma nimuulize rafiki yake kama kuko nyumba ingine kama ile.

Eti kuko.