Kipande cha Mawe Kwenye Mfereji

Elia, rafiki yangu,

Onga mshi. Nakusalimu kwa maandishi kwa sababu miaka yako ya mwisho nilipokuona njiani niliinama nikijifanya natoa mwiba mguuni. Ulijua. Mtu gani huchomwa na mwiba kila Jumapili akitoka kanisani?

Huku Mlalo mvua zimewahi. Shemeji Naomi, mkeo, amepanda maharage peke yake. Kijiji chetu sasa ni cha ujamaa, na juzi wamenichagua mimi kuwa mwenyekiti. Cheka tu, una haki.

Unakumbuka tulivyopanda Landrova ya yule mzungu wa shamba la chai kwenda Lushoto? Chama cha Gavana, kile kilichoundwa kuwapinga waliodai uhuru, kilikuwa kinagawa kadi. Mimi nilifuata gari. Wewe ulifuata kiti. Walikukalisha meza moja na Wazungu na Wahindi, wakakuletea chai na mkate, ukarudi ukiniambia, "Mwenzangu, leo nimekunywa nimekaa, si nimesimama mlangoni." Uliamini nchi nzima itakuwa hivyo. Na mimi niliamini, mpaka mkate ulipokwisha.

Chama kile kilikuja na magari na bendera. Lakini watu walikuwa wamechoshwa na amri za serikali za kuchimba matuta, sasa chama cha wenye amri nani angekipenda? Uchaguzi ulipopita kikanywea. Uhuru ulipofika, ofisi yake ya Lushoto ikawa ghala la viazi, na yule mzungu akaondoka hata kukuaga hakukuaga.

Kadi yangu niliichoma jikoni, chini ya chungu cha maharage. Yako uliiweka ndani ya Biblia, eti uliitia sahihi kwa mkono wako mwenyewe. Wazee walipokuita barazani wakakuuliza nani mwingine wa kilima chetu aliyechukua kadi, ulijibu, "Nilikwenda peke yangu." Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako, Elia. Nikaangalia mpini wa jembe langu.

Tangu siku hiyo, kila baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja, lilipolia, nyumba zote ziliitwa kwa majina kwenda kuzibua mfereji wa maji, yako ikarukwa. Ulikuja hivyo hivyo na jembe lako. Watu wakasogea mbali nawe, wakakuachia kile kipande cha mawe kule juu, ukakichimba peke yako mwaka baada ya mwaka hadi kifua kilipokulaza kaburini. Na aliyekuwa akiita majina ni mimi.

Sasa wageni wanajaa nyumbani kwangu, na hakuna hata mmoja anayenijua. Wewe ulinijua. Naomi akipita na mzigo wake wa kuni ananisalimia vizuri, nami nainama tena kutafuta mwiba. Jina la nyumba yake bado sijaliita. Nina upweke, Elia, na nimejitakia mwenyewe.

Jumamosi tunazibua mfereji. Nakuahidi nyumba yako nitaiita ya kwanza, na kabla hawajashika majembe nitawaambia kwamba Lushoto tulikwenda wawili. Wakitaka kunivua uenyekiti, na wanivue.

Pumzika, ndugu yangu. Wakisogea mbali nami, nitakuwa kule juu kwenye mawe.

Mwenzako wa Landrova,
Zakaria