Mapezi na Kapu la Kuchumia Chai

Mjukuu wangu Moraa,

Hapa Ogembo tu wazima. Baba yako amemaliza kupogoa chai, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza ununue mapezi gani ya kuvaa miguuni unapopiga mbizi huko Kilifi: yale marefu magumu wanayoyasifu wenzako, au mafupi laini. Bahari siijui. Kapu la chai nalijua.

Nilipoanza kuchuma, nilichagua kapu kubwa kuliko yote sokoni. Nililijaribu mgongoni likiwa tupu, mahali tambarare, na wanawake wakanisifu. Siku nilipolijaza kule mteremkoni, lilinivuta nyuma nikakaa kwenye matope. Mama alinitazama tu, akauliza, "Ulilijaribu likiwa na nini ndani?"

Kwa hivyo usiyapime mapezi ukiwa umekaa kwenye kiti cha dukani. Azima aina zote mbili, uogelee karibu na ufuo mpaka uchoke, kisha ugeuke urudi. Miguu itakayokurudisha ndiyo ichague, si wenzako.

Lile kapu bado tunalo. Kuku wanataga humo, na wao pia wanalisifu.

Ni mimi nyanya yako,
Kerubo