Mimi na Mama Kazungu Juu ya Mwamba wa Mudanda

Changamwe, Jumapili, Septemba 1949

Asubuhi ya kiwingu, upepo mwanana. Magoti yamechubuka, mabega yanauma, na furaha niliyo nayo sijui nitaiketisha vipi kanisani.

Jana sisi vijana wa kanisa tulikodi lori kwenda kuona ile mbuga mpya ya wanyama, Tsavo. Kazungu, kijana anayetaka kunioa, alikuja, na mamake akaja naye. Nilijua amekuja kunipima. Mwaka mzima mama huyo wa Rabai amekataa kuleta posa kwetu, eti msichana aliyelelewa Changamwe hawezi hata kubeba mtungi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama pembeni.

Njia nzima nilitamani kushuka.

Halafu tukauona mwamba wa Mudanda. Salaale! Jiwe moja tupu, refu kushinda mtaa wetu, limelala peke yake nyikani. Tukaupanda polepole. Kule juu, upande wa pili unaporomoka ghafla, na chini kuna ziwa dogo. Ndani yake tembo, wakubwa kwa wadogo, wekundu kama matofali kwa udongo wa huko, wanaoga!

Mama Kazungu alitaka kuwaona vizuri. Akasogea. Kiatu kikateleza.

Nilimdaka leso ya kiunoni. Tukaburuzika pamoja, visigino vyangu vikitafuta pa kushika, mpaka vikakwama kwenye ufa. Chini yetu tembo mmoja akainua mkonga, akatunusa.

"Mwanangu, usiniachilie," akanong'ona.

"Sikuachilii, mama."

Mwanangu! Hata pale, roho mkononi, nililisikia neno hilo.

Kazungu na wenzake walifunganisha leso, wakatuvuta. Tulipofika juu mama alikuwa anatetemeka. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Nami nikacheka hadi mbavu zikaniuma.

Kurudi, alinivuta nikae kando yake. Tukafika Mariakani. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya samaki:

"Baba yako Jumapili huwa nyumbani?"

"Huwepo, mama."

"Basi Jumapili ijayo asitoke."

Baba na mama bado hawajui lolote. Kengele inalia, nasikia mama ananiita tuondoke, na kutoka hapa hadi kanisani si mbali.

Nianze na lipi, tembo au posa?