Taa za Nyuma za Tela

Mpwa wangu mpenzi,

Unaandikiwa na dereva ambaye barabara zenyewe humwamkia shikamoo. Nimenunua tela la kulala, jipya, lenye vitanda viwili na jiko. Jirani yangu fundi cherehani kalizunguka akasema, "Bwana mkubwa, nyumba imeota magurudumu!" Nikamjibu, "Na mwenyewe kaota mabawa!"

Safari ya kwanza ni Jumamosi. Nimeshapakia magodoro, sufuria na vikombe viwili, mazoea tu. Zimebaki taa za nyuma. Nakanyaga breki, nashuka mbio kwenda kuziangalia, kumbe mguu ukitoka, na taa zimezima. Mara saba! Enzi za lori, marehemu mkazamjomba wako ndiye aliyesimama nyuma akipiga kelele, "Zinawaka, mzee! Acha kujisifu, twende!" Fundi cherehani simwombi, nilishamwambia naendesha hata nikisinzia.

Ijumaa njoo usimame nyuma dakika moja tu. Ukitaka kuendelea na safari, kitanda cha pili kipo.

Jana nilikanyaga breki nikajiitikia mwenyewe, kwa sauti ya mkazamjomba wako, "Zinawaka, mzee!" Fundi cherehani alikuwa dirishani.

Mjomba wako,
Simba wa Lami