Kisanduku cha Tatu

Alhamisi, Oktoba 1999. Gisenyi.

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakata, jua likatoka na joto la kuudhi. Sasa ni saa kumi alasiri na sina kazi.

Nimefukuzwa leo saa nane, ndani ya gari, kabla hata hatujafika mjini.

Niandike kwa utaratibu, tangu mwanzo.

Kwa wiki tatu nimekuwa mkalimani wa Daktari mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo kutafiti uanaume. Yeye anasema Kiingereza, mimi nakigeuza Kiswahili au Kinyarwanda. Kiingereza nilikipata sekondari Kigoma, tulipokuwa wakimbizi. Nilipoambiwa kuna mtu analeta utafiti wa wanaume, nilicheka. Kisha nikaomba kazi.

Kusema kweli, nadharia yenyewe si upuuzi. Siku ya kwanza alinieleza kwamba mtu hazaliwi na uanaume kama anavyozaliwa na pua, jamii humfundisha. Kwamba hakuna uanaume mmoja, zipo aina nyingi, na zimepangwa kama ngazi: wachache juu, wengi katikati wakifaidi kivuli cha wale wa juu, wengine chini wakidharauliwa. Nilimsikiliza nikiwaona wajomba zangu mmoja mmoja kwenye hiyo ngazi. Nikajiambia, huyu mtu ana akili.

Kumbe ana akili ya karatasi tu.

Dodoso lake lina visanduku vinne. Kila mwanaume anayehojiwa lazima aingie kimoja kabla hatujanyanyuka. Mlinzi wa ghala kule Rubona alitusimulia nusu saa jinsi alivyomuuguza baba yake. Daktari alitazama saa, akatia alama kwenye kisanduku cha pili, akaniambia, "Mwambie inatosha." Nikamwambia yule mzee, "Daktari anashukuru sana."

Ndiyo. Nimedanganya wiki tatu. Maswali yake ya ufedhuli niliyatia sukari, na majibu marefu ya watu niliyakata kama kucha. Niliuita huo ukalimani.

Leo tulikwenda Mahoko, sokoni. Daktari aliona kitu kabla ya dereva kuzima gari, akashika kamera. Chini ya kibanda cha mabati, fundi cherehani mmoja alikuwa anashona suruali huku amembeba mtoto mgongoni. Mwanaume mzima, ndevu na kila kitu, na kitenge kimefungwa kifuani kama anavyofunga mama yeyote. Anakanyaga pedali, mtoto analala.

Anaitwa Faustin. Aliishi Goma miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko. Mke wake alikufa kwa ugonjwa, na dada yake pia, kwa hiyo watoto wanne wako kwake, wawili wake na wawili wa dada. Huyo wa mgongoni ndiye mdogo. Alitukaribisha vizuri, akanipa kigoda mimi kwanza, Daktari baadaye. Daktari aliliona hilo na hakulipenda.

Nilimsomea ile karatasi ya ridhaa, ninayoijua kwa moyo: unaweza kukataa, unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Faustin akatia sahihi.

"Muulize," Daktari akasema, "kama anajisikia mwanaume kamili anapobeba mtoto mgongoni."

Niliuliza. Sikutia sukari, sijui kwa nini. Labda nilichoka.

Faustin alinitazama kama aliyesikia vibaya. "Mutoto alikuwa analia. Nikamubeba. Akanyamaza. Sasa mi nijisikie nini?"

"Wanaume wenzake wanasemaje?"

"Banacheka," Faustin akajibu. "Kisha banakuja kushonesha mapantalo." Suruali zao.

Wanawake wauza viazi jirani wakacheka. Mimi pia. Daktari hakucheka, alikuwa anaandika. Nikachungulia. Alikuwa ametia alama kisanduku cha tatu, na pembeni ameandika kwa mkono maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: uanaume uliovunjika.

Faustin aliona macho yangu. "Mama, ameandika nini pale?"

Hapo ndipo ningedanganya kama kawaida.

"Ameandika kwamba uanaume wako umevunjika."

Pedali ikasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alimtazama Daktari kwa utulivu, kuanzia kofia hadi viatu.

"Yangu aliiona wapi?"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Faustin alingoja kiishe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jina yangu iko ndani?"

"Ipo."

"Bon, sawa. Anipe ile karatasi."

Nikamweleza Daktari kwamba mtu huyu anajitoa, kama tulivyomwahidi. Akapunga mkono. Akasema nimweleze kuwa hayo ni maneno ya kitaalamu, si matusi. Nikasema hataki maelezo, anataka karatasi. Ndipo Daktari akatabasamu, akafungua tena kalamu, akasema, "Unaona? Hasira hii yenyewe ni ushahidi. Aibu ya mwanaume aliyepoteza nafasi yake." Akaanza kuiandika.

Mtu ameketi mbele yako na mtoto mgongoni, anakuomba jina lake, na wewe unaliandika ombi lake kama dalili.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu karatasi ikiwa mkononi mwangu na Daktari akiniita kwa sauti niliyokuwa sijaisikia. Nikampa Faustin. Hakuisoma. Alifungua pasi yake ya makaa, akaiingiza ndani, akafunga kifuniko, akaanza kunyoosha mkunjo wa ile suruali. Moshi kidogo ukatoka kwenye matundu.

"Murakoze, mama," akasema. Asante, basi.

Tuliondoka Mahoko, tukaanza kuliona ziwa. Daktari akasema nimeharibu kazi ya siku nzima. Nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanikaba tangu wiki ya kwanza: "Na wewe, Daktari, uko kisanduku gani?"

"Mimi ni mtafiti."

"Najua. Kisanduku gani?"

Mtu huyu hajabeba begi lake mwenyewe hata siku moja. Dereva ndiye hulibeba. Mimi, mkalimani, ndiye niliyemletea chai kila asubuhi, ingawa mhudumu wa hoteli alikuwa amesimama palepale. Anasoma ngazi akiwa amekaa kileleni, na anadhani kule juu si sehemu ya ngazi.

Aliangalia dirishani, akasema kesho atatafuta mkalimani mwingine. Mwanaume. Mwanaume atafaa zaidi, hatakuwa na hisia.

Dereva alikohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko.

Nikashuka njia panda, nikatembea. Njia nzima nilikuwa namtukana Daktari kwa lugha tatu na nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtu safi.

Mpaka nilipofika nyumbani.

Mume wangu, Aloys, alikuwa nyuma ya nyumba, anafua. Alikuwa mwalimu wa hesabu Kigoma. Hapa wanataka Kifaransa, naye hana, kwa hiyo kazi hajapata. Anapika, anafua, anapiga deki. Na ile kamba ya nguo iko nyuma, kwenye kivuli, karibu na choo, mahali ambapo hazikauki sawasawa na zinanuka unyevu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aifunge huko. Mwaka jana. "Watu wasione," nilisema. Hakuna aliyenipa dodoso. Kisanduku nilikuwa nacho kichwani.

Nilimsimulia yote nimesimama. Nilipofika kwenye pasi alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilipomwambia nimefukuzwa, alisema tu, "Tutaona."

Kisha nikamuuliza kwa nini hakunikatalia siku ile ya kamba.

Akakamua shati, akalikung'uta. "Wewe ndiye uliyekuwa unaogopa watu. Mimi nilikuwa nafua tu."

Nikaifungua kamba. Nikaifunga mbele, toka nguzo ya lango hadi mparachichi, na tukaanika pamoja, yeye shuka, mimi nguo ndogo. Mama Zubeda wa nyumba ya pili akapita na beseni lake, akirudi kutoka Goma. Akatusalimu. Macho yake yakaenda kwenye mikono ya Aloys iliyolowa, yakakaa hapo kidogo, yakaondoka.

Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kibanio.

Niliona aibu. Baada ya yote ya leo, niliona aibu, na Aloys aliniona nikiiona.

Daktari nitaendelea kumdharau, hilo halinipi shida, anastahili. Lakini yeye ataondoka na sanduku lake la karatasi mwezi ujao. Mimi nabaki hapa langoni, na shuka zinakauka vizuri mbele ya watu wote. Nani atanifukuza mimi kazi hii ya visanduku?