Nyasi za Ndani ya Ua

Molo, Jumanne

Bado nina hasira. Robota la nyasi kavu limepanda bei tena, na broka anayeniuzia ananiambia, "Mzee, farasi ni starehe ya matajiri. Uza, ununue ng'ombe." Nilimjibu vibaya. Lakini mbavu za farasi wangu, Kanali, zimeanza kuonekana, na mabua ya ngano ninayomchanganyia yanamjaza tumbo bila kumnenepesha.

Nyasi nzuri zimebaki mahali pamoja tu: kwenye kile kiwanja cha umma ambacho kanisa limekizungushia waya. Mara tatu nimeandika gazetini kwamba ua ule ubomolewe. Ng'ombe hawaingii, ndiyo maana nyasi zimefika magotini.

Leo nimekwenda kuziomba. Nilijua Mama Njeri, mzee wa kanisa, atanikumbusha kila neno nililoandika. Alicheka tu. "Kata, Baba Brian. Si farasi aliyeandika."

Ingekuwa rahisi zaidi kama angenitukana.

Nimefyeka mpaka mgongo ukakataa, nikazitandaza zikauke. Zinataka siku tatu za jua. Zikilowa zitaota kuvu, na farasi akila kuvu anaweza kufa kwa tumbo. Kiwanja ni cha umma, hilo sijabadilisha. Nitaandika tena, ila sijui nitaanzaje...

Saa kumi mawingu yakaanza kukusanyika. Nikajikuta nimesimama katikati ya ua ule, kofia mkononi, nikiomba jua kwa sauti. Nyuma yangu Mama Njeri akasema, "Amina."